Ng'ombe Niliwarudisha Mwenyewe

Mwanangu anatimiza miaka saba mwezi wa tatu, na tangu Krismasi simu haziishi. "Saba hiyo inakaribia, umejipangaje?" Alianza shangazi yangu wa Sirari, akafuata jirani, juzi akaniuliza mwenzangu wa kikoba, tena mbele ya watu. Wote wanazungumzia jambo moja: mtoto akishafika miaka saba baba yake anakuja kumchukua, mama anabaki anaangalia. Kila nikijibu kwa mdomo naishia kupandisha sauti. Kwa hiyo naandika.

Mimi ni Mkurya wa Tarime, naishi Mwanza, Buhongwa, na nina duka la dawa za mifugo na pembejeo. Nina mtoto mmoja, wa kiume. Sikuachwa, sikutelekezwa, wala baba wa mtoto hakuikana mimba. Nilitaka mtoto, nikamzaa, na mwanaume niliyezaa naye alipotaka kuleta washenga nilimwambia hapana.

Siku hizi mtaani wote tunaitwa singo maza, kana kwamba tuko kundi moja. Hatuko kundi moja machoni pa watu. Mjane wanamlilia. Aliyepewa mimba na kukimbiwa wanamwonea huruma, wanamlaani mwanaume, wanamletea unga na sukari. Msichana aliyedanganywa wanasema ulikuwa utoto. Lakini mwanamke anayesema "nilitaka hivi" hajawekewa kiti. Wanakuzunguka wakitafuta jeraha lako liko wapi, na wasipoliona wanakasirika.

Nianze na hiyo saba, kwa sababu imewatisha wanawake wengi bure. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba ni kwa faida yake kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo hapo hiyo saba ilipotoka. Hakuna mahali paliposemwa kwamba siku ya kuzaliwa ya saba mtoto anafungashiwa nguo. Kukiwa na mgogoro mahakama inaangalia maslahi ya mtoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeyatanguliza hayo mbele ya matakwa ya wakubwa wote. Sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake waliomzaa na ukoo wake, na hapo naiunga mkono kwa moyo wote. Baba wa mwanangu ni dereva wa malori. Akipita Mwanza anakuja, wanakwenda kula samaki, anamrudisha kabla ya giza. Mtoto anamwita baba, na ni baba yake kweli. Mume wangu siye.

Sasa nije kwenye ng'ombe, maana bila ng'ombe hamtanielewa.

Kwetu mtoto anafuata ng'ombe. Niliolewa mwaka 2008, baba yangu akapokea ng'ombe kumi na wanne. Nikakaa miaka mitano bila kushika mimba. Sikuambiwa usoni kwamba mimi ni tasa. Niliambiwa na kuku, na mbuzi, na majirani waliokuwa wakisifu mifugo inayozaa kila nikipita na ndoo kichwani. Nilikwenda hospitali peke yangu, daktari akasema haoni tatizo kwangu, akaomba mume naye aje. Hakuja. Wakaleta mke mwingine, na mwaka 2013 nikatoka.

Ila kutoka hakutoshi. Ng'ombe wakiwa bado kwenu, wewe ni wa kule. Ningezaa hapa Mwanza na mtu yeyote, mtoto angehesabiwa wa yule mume, kwa sababu ng'ombe wake ndio waliotembea. Na ng'ombe wangu hawakuwepo tena. Kaka yangu mkubwa alishaolea. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka akaniambia nivumilie nirudi kwa mume, maana yeye hana pa kuwatoa kumi na wanne.

Nikaanza kuwanunua mwenyewe. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la mtu, kisha nikafungua langu, kibanda cha mabati chenye dawa za minyoo, dawa za kuogesha na mbegu za mahindi. Nilikuwa nikipata pesa ya ng'ombe mmoja natuma kwa baba mdogo, ananunua mnadani, anampeleka kwa yule mume. Wakati mwingine miezi mitano inapita hakuna kitu. Wa mwisho alipelekwa Agosti 2017, jike jekundu mwenye pembe moja iliyovunjika, nilimwona kwa picha ya simu. Usiku ule nililala saa kumi na mbili mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipokuwa mtoto.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Sikutaka kuolewa tena, na nilitaka mtoto. Haya mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana hata siku moja. Waliogombana ni watu. Yule dereva nilimweleza yote kabla ya kitu chochote, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya duka. Alikubali. Mimba ilipofika mwezi wa nne akabadilika, akataka ndoa. Simlaumu, aliona tumbo. Mimi sikubadilika.

Desemba 2018, tumbo la miezi sita, nikaitwa nyumbani kwenye kikao.

Lazima niwaambie nyumba yetu ni nyumba gani. Bibi mkubwa, aliyefariki mwaka 1994, hakuzaa mtoto wa kiume. Alipofiwa na mumewe alitumia ng'ombe wake kuoa mke, kama desturi yetu inavyoruhusu. Tunaita nyumba ntobhu. Mwanamke anamtolea ng'ombe msichana, msichana anazaa na mwanaume wa pembeni, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama mwenye ng'ombe. Watu wa mbali wakisikia mwanamke kaoa mwanamke wanafikiria mambo ya chumbani, hayamo. Ni suala la nyumba kuwa na watoto na watoto kuwa na nyumba. Yule msichana aliyeolewa na bibi mkubwa ndiye aliyemzaa baba yangu na baba zangu wadogo wawili. Yeye ndiye tunayemwita Bibi, na mpaka leo yupo.

Ndiyo kusema wanaume waliokaa siku ile chini ya mwembe kuniuliza mimba ni ya nani, wao wenyewe hawajawahi kuulizwa wao ni wa nani. Baba yangu alizikwa na heshima zote za ukoo, na sijawahi kusikia mtu akitaja mwanaume aliyempa Bibi mimba ile.

Kaka mkubwa aliuliza, "Amekukataa?"

Nikasema hapana.

"Ana mke?"

Hapana.

"Sasa?"

Nikasema, "Anataka kunioa. Mimi ndiye sitaki."

Hadi leo nasikia ukimya ule. Ningesema amenikimbia, wangeagiza soda, wangemtukana, wangenipa pole na kikao kingefungwa kabla jua halijageuka. Kaka akasimama. Akasema mtoto huyo hana ng'ombe nyuma yake, hana nyumba, atakuwa anazurura kwenye maboma ya watu kama mbwa asiye na mwenyewe. Na siku ya tohara, nani atasimama naye? Hilo la tohara lilinichoma, maana nilikuwa nimeshalifikiria usiku mwingi na sikuwa na jibu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngozi yake karibu na mlango wa jiko. Haongei Kiswahili, na kwenye vikao vya wanaume huwa anakaa tu. Akauliza kwa Kikurya, bila kuinua sauti:

"Ng'ombe wa huyu walirudishwa na nani?"

Hakuna aliyejibu. Akamgeukia kaka. "Mke wako alikuja kwa ng'ombe wa nani?"

Kaka akaangalia chini.

"Ng'ombe wa dada yako. Na walipodaiwa, nani aliwatoa?" Akaninyooshea mkono. "Basi mwenye ng'ombe ndiye mwenye nyumba. Mimi niliolewa na mwanamke, na ninyi nyote mmelelewa kwenye nyumba ya mwanamke. Huyu amejitolea ng'ombe mwenyewe. Mtoto ni wa nyumba yake."

Baba mdogo alikohoa, akasema Mama ameongea. Hakukuwa na kura wala maelewano mazuri. Watu waliondoka mmoja mmoja, kaka bila kuniaga. Lakini neno lilishasemwa, na kwetu neno la namna hiyo likisemwa mbele ya watu halifutwi. Mtoto alipozaliwa, Machi 2019, Bibi alitoa mtamba mmoja awe wake. Kaka alikuja kumwona akiwa na miezi minane. Alimbeba, akamgeuzageuza kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Wakati wake ukifika, nitasimama mimi." Kisha akaomba maji ya kunywa. Hatujawahi kuuzungumzia ule mwembe tena, na sidhani kama tutauzungumzia.

Nisingependa mtu asome hapa akadhani nasifia tu mila. Usiku wa siku ile nililala nyumbani kwa Bibi. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, taa ya sola imening'inia kwenye msumari. Nikamshukuru. Akaendelea kupukuchua muda mrefu. Halafu akaniambia alipoolewa hata matiti hayakuwa yametoka vizuri, kwamba baba yake alipokea ng'ombe asubuhi na jioni yeye akawa kwenye boma la mama asiyemjua, na kwamba wanaume waliomjia walichaguliwa na bibi mkubwa mpaka alipokuwa mtu mzima wa kukataa. "Wewe ulitaka," akasema. "Mimi hadi leo sijui ningetaka nini. Hakuna aliyeniuliza." Mwanamke huyu ndiye aliyenitetea kwa desturi ile ile iliyommeza. Nalibeba hilo kila siku.

Ukoo ulipotulia nilidhani yamekwisha. Mjini yakaanza mengine, ya upole zaidi, na upole wake ndio unaochosha. Kwenye kikoba naaminiwa pesa. Nimekuwa mweka hazina miaka minne. Kwenye kicheni pati mchango wangu unapokelewa mapema kuliko wa wengi. Lakini ukifika wakati wa wanawake kumpa biharusi mawaidha, kipaza sauti kinanipita. Mama mmoja, ambaye tunapendana kweli, alinieleza kwa nia njema: "Usijisikie vibaya mwaya, ni kwamba wewe utamfundisha nini kuhusu kuvumilia?" Niliolewa miaka mitano. Nililipa ng'ombe kumi na wanne. Kuhusu kuvumilia ningeweza kuongea mpaka alfajiri.

Kanisani, katekista aliniambia mtoto atabatizwa bila shida, ila Jumamosi mchana, pembeni, si kwenye Misa ya Jumapili pamoja na watoto wengine, nisije nikawakwaza wenye ndoa. Nilitoka pale mtoto mgongoni, mbeleko imelowa jasho, nikatembea hadi stendi bila kujua nimepita wapi. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa paroko na karatasi. Nilikuwa nimenakili kanuni ya 868 ya Sheria ya Kanisa: mtoto abatizwe kwa ridhaa ya wazazi au angalau mmoja wao, na pawe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Angalau mmoja wao. Nikamwambia pia kwamba Papa Fransisko, akiwa bado Kardinali kule Buenos Aires, aliwakemea hadharani mapadre waliokuwa wakikataa kubatiza watoto wa wanawake wasioolewa. Paroko alivua miwani, akaisoma karatasi mara mbili. Mwanangu alibatizwa Jumapili, Misa ya kwanza, wa tatu kwenye mstari, akalia kuliko wote. Nawaambia wanawake wenzangu wa Kikatoliki: mkiambiwa Jumamosi, ombeni kuonyeshwa pameandikwa wapi.

Hayo yote ni ya watu. Sasa la mimi na yeye, ambalo ndilo lililoniogopesha kuliko kikao.

Nilirudi dukani mtoto akiwa na miezi miwili. Aliyeajiriwa ana likizo yake ya uzazi ya siku 84. Mwenye duka akifunga siku 84 anakuta panya na wadai. Nikapata dada wa kazi, binti wa Sengerema, wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nikitoka saa moja asubuhi narudi saa moja usiku. Nilijiambia natafuta, na kweli nilikuwa natafuta.

Aprili 2020, mtoto ana mwaka na mwezi mmoja. Corona ilikuwa imeingia, wateja wamepungua, nikafunga mapema. Nilimkuta uani, pale kwenye sakafu ya saruji karibu na bomba. Aliponiona alichangamka, akaanza kukimbia kwa ile miguu ambayo bado haijajua kona, mguu ukanasa kwenye mshikio wa ndoo. Akaanguka kifudifudi. Alipoinuka mdomo wa juu umepasuka, damu inashuka kwenye kidevu, na bado hajalia. Unajua kile kimya cha mtoto anayevuta pumzi. Nilikuwa nimechuchumaa hatua mbili kutoka alipo, mikono nimeifungua. Akanitazama. Aliniona vizuri kabisa. Kisha akanipita, bega lake likagusa kiwiko changu, akaenda moja kwa moja kwa dada aliyekuwa anaanika nguo, akakamata kanga yake kwa ngumi mbili, akaficha uso humo na ndipo akalia. "Mama," alikuwa anasema. Kwa dada.

Nilibaki nimechuchumaa na mikono imefunguka. Viganja vyangu vilikuwa vinanuka dawa ya kuogesha ng'ombe.

Yote niliyowahi kuambiwa yalirudi kwa pamoja: kwamba mtoto wa kujiamulia hakai, kwamba asiye na baba hushika yeyote anayepita, kwamba nilitaka mtoto kama mtu anavyotaka gari. Niliona adhabu imefika. Usiku ule nilifikiria kumfukuza dada. Niliandika hata ujumbe wa simu kwa mama yake, nikaufuta.

Kilichonisaidia kilitoka ng'ambo ya ziwa hili hili. Nilikuwa nasoma kwenye simu usiku, natafuta mtoto hushikamana na mama kwa namna gani, nikakutana na habari za Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefika Kampala mwaka 1954 na kufanya utafiti kwenye vijiji vya karibu na mji. Alitembelea familia 26 za Waganda, kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, akiwa na mkalimani, anakaa sebuleni mwao anaangalia watoto: nani analia mama akitoka, nani anatambaa kwenda mbali kisha anageuka kuhakikisha mama yupo. Haya yanayofundishwa leo ulimwenguni kuhusu mtoto na mama yake yalianza kuonekana kwa macho yake pale, kwa watoto wanaofanana na wetu, kwenye nyumba zenye bibi na shangazi na ndugu. Aliona watoto wengi wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja, na kushikamana na bibi hakukumnyang'anya mama chochote. Kwa hiyo kanga ya dada haikuwa hukumu. Mwanangu alikuwa na mtu wa kumkimbilia akiumia. Wangapi hawana?

Lakini kuna jambo jingine aliloliona, na hili sikulipenda. Watoto waliotulia zaidi walikuwa wa akina mama wenye mengi ya kueleza: ukiwauliza habari za mtoto, wanajua vitu vidogovidogo, wanavitaja bila kufikiri. Nikajiuliza hapo hapo kitandani, mwanangu anafanya nini kabla ya kusinzia? Sikujua. Asubuhi nikamuuliza dada. "Anashika sikio langu la kulia, analisugua mpaka alale. La kushoto halitaki."

Tangu wiki ile nafunga duka saa tisa alasiri kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na mauzo yalishuka kweli. Dukani kuna sabuni na gauni la kubadilisha. Sirudi nyumbani na harufu ya dawa. Nikaanza kumlaza mimi. Usiku wa kwanza alilia nusu saa akimtaka dada. Wa nne alishika sikio langu, akaliachia, akalishika tena.

Upo utafiti wa Uingereza pia, wa Susan Golombok na wenzake wa Cambridge, uliotoka mwaka 2016: walilinganisha familia 51 za wanawake waliochagua kuzaa peke yao na familia 52 za wazazi wawili, na watoto hawakutofautiana kwa utulivu wao. Ulinipa faraja. Ila kila nikiufikiria najiuliza mchana nani alikuwa anawashika wale watoto, na mimi jibu langu ninalijua kwa jina.

Kwa sababu dada naye alikuwa mama. Sikuwa nimeuliza. Nilijua ana mtoto kijijini kama unavyojua mtu ana mbuzi kijijini. Alipata mimba akiwa kidato cha tatu, mwaka 2017. Wakati ule aliyepata mimba alikuwa harudi shule ya serikali. Mlango huo ulifunguliwa tena Novemba 2021. Mtoto wake, wa kike, alikuwa anakaa na bibi yake Sengerema ili yeye aje kunilelea wangu. Sikio lake la kulia lilikuwa la mwanangu, na binti yake alikuwa anasinzia na nini, hakujua. Nilipomuuliza ndipo nikagundua hajui, na yeye akagundua kwamba hajui, na tukanyamaza sote wawili jikoni, maharage yanachemka.

Sipendi tunaposema "nimechagua" kama vile tumechagua peke yetu chumbani. Uchaguzi wangu ulikuwa umesimama juu ya mgongo wa msichana ambaye hakuchagua. Sijui njia ya kulifanya hilo lisiwe kweli. Nilichoweza ni hiki: Januari 2022 tulikwenda Sengerema tukamchukua binti yake. Dada akaanza kusoma jioni, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na sasa yuko chuo cha mifugo Mabuki. Mimi nikabaki na watoto wawili wiki nzima, na msaada wa mama mmoja wa mtaani wa kuja na kurudi. Jirani mmoja Mkurya alipotuona, wanawake wawili, watoto wawili, akacheka: "Mmefungua nyumba ntobhu hapa!" Nilifurahi kuliko alivyodhani. Nikampigia simu baba mdogo ampelekee Bibi habari hizo, na Bibi akauliza swali moja tu, kama huyo msichana aliulizwa.

Mtamba wa mwanangu ameshazaa. Ndama alichanjwa ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, mwezi wa kumi na moja, akavalishwa hereni sikioni, na mwanangu aliishika kamba mwenyewe, uso umekazana. Shangazi wa Sirari akipiga tena kuuliza kuhusu saba, nimeamua nitamwambia habari za ndama.

Jumamosi iliyopita dada alikuja kutoka Mabuki. Wiki tatu alikuwa hajafika kwa ajili ya mafunzo ya vitendo. Alipofungua geti, binti yake alikuwa uani anachora chini na kijiti. Dada akaweka mfuko chini, akachuchumaa, akafungua mikono. Mtoto akamtazama, akasimama, akaja akajificha nyuma ya sketi yangu.

Nilijua kabisa mikono ile inahisi nini. Sikumsukuma mtoto, wala sikusema "nenda kwa mama". Nilienda na mtoto wangu wa nyuma ya sketi, taratibu, nikakaa chini kwenye saruji karibu na dada, nikaanza kumweleza. Kwamba jino la chini linatikisika, la kushoto. Kwamba hataki tena uji wa ulezi, anataka wa mahindi, na uwe na limao. Kwamba Jumatano alipigana shuleni akimtetea kaka yake na akashinda. Kwamba siku hizi akitaka kulala anaomba asimuliwe ndama anafanya nini sasa hivi kule Tarime, na ukikosea rangi yake anakurekebisha. Dada alisikiliza huku kaangalia chini, anatikisa kichwa kila neno, kama mtu anayehesabu pesa asizotaka zipotee.

"Ni wa rangi gani?" akauliza.

"Mwekundu," mtoto akajibu kutoka nyuma yangu. "Ana doa jeupe hapa." Akatoka ili amwonyeshe ni wapi.